Bi Mwanahalima na Rula ya Bahari

"Shoga, mama mkweo kaishusha bahari."

Ndivyo alivyoingia Biasha uani kwa Nasma asubuhi ile, hodi hakupiga, kanga inamteleza begani. Nasma alikuwa anapepeta mchele, mwanawe Twalibu kamfunga mgongoni, naye akadhani ni masihara, maana jirani yake huyu kwa masihara hajambo.

"Kaishusha kwa kamba au kwa mikono?" akauliza, na ungo haukusimama.

"Cheka tu. Huko bandarini hakuna anayecheka. Ile boti ya injini ya jana jioni imeleta watu wa Dar, wanamtafuta msoma rula. Ati kompyuta ya Ulaya imeona bahari ya kwetu imeshuka, ya wenzetu kote haikushuka. Basi watu wanasema mama mkweo alikuwa anabuni namba akiwa kitandani kwake. Wengine wanasema atapelekwa Utete wilayani akajieleze."

"Abuni namba? Mama huyu?"

"Mimi nijulie wapi? Mimi nimeishia la saba, bahari sikusomeshwa."

Biasha alichota kiganja cha mchele, akautafuna mbichi, akaondoka kuupeleka umbea nyumba ya pili. Nasma akabaki kasimama na ungo wake. Jana jioni, mlio wa ile injini uliposikika kutoka upande wa Nyamisati, Bi Mwanahalima alikuwa kibarazani anasuka ukili. Watu wote walitoka kutazama. Yeye aliukunja ukili wake, akaingia ndani, akafunga mlango. Nasma aliliona jambo lile akaliweka moyoni. Mkwe hamuulizi mama mkwe kwa nini umefunga mlango wako.

Huyo Bi Mwanahalima hakuwa mtu wa kufunga milango. Alizaliwa Mohoro, akaolewa huku deltani akiwa binti mdogo, akaletwa kwa mtumbwi na masanduku yake mawili, na tangu siku hiyo mikono yake haikupumzika. Alilima mpunga, akaamia ndege wa mpunga juu ya dungu, kichanja cha mlinzi, mpaka sauti ikakauka, akazika mume, akalea mwana mmoja, Hemedy, ambaye ndiye mume wa Nasma. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo, Hemedy akiwa mchanga amempakata. Wenzake walipenda herufi ili waandike majina yao. Yeye alipenda hesabu. Alisema herufi zinaweza kukudanganya, mtu akaandika nakupenda na moyoni hana habari nawe, lakini sita ni sita.

Kisha ikaja miaka ya ruksa na soko huria, na kila mtu kijijini akawa anauza kitu. Waliokuwa na nyavu waliuza kamba kwa wachuuzi wenye masanduku ya barafu. Waliokuwa na shoka waliuza boriti za mikoko. Hemedy akaenda Kibiti kuuza mitumba kando ya barabara kuu, akawa anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi na nguo za mtoto zenye picha za wanyama wasiojulikana. Katikati ya hayo yote wakatokea wataalamu wa bahari kutoka Dar. Walijenga nguzo ya saruji kwenye mdomo wa mto, wakaifungia kwa waya ubao mrefu wenye alama nyekundu na nyeusi, wakaomba mtu mwenye kujua namba awe anausoma ubao ule, asubuhi na alasiri, aandike maji yamefika wapi. Wanaume wakacheka. Nani aache kamba akahesabu maji?

"Mimi," akasema Bi Mwanahalima.

Ubao ule watu wakauita rula, naye wakamwita Mama Rula. Kiongozi wa wataalamu, bwana mmoja aitwaye Abdulatifu, alimweleza kwamba namba zake zitakwenda Dar, na kutoka Dar zitapelekwa Ulaya, kwenye kompyuta kubwa inayojaza chumba kizima. Kompyuta ile inakula namba za pwani zote za dunia, akasema, na kadiri inavyokula ndivyo inavyoijua bahari, itapanda lini, itashuka lini, itafurika wapi. Labda bwana yule alisema "inakula" kwa namna ya kusema tu. Bi Mwanahalima alilichukua neno hilo kama mwenyeji anayeambiwa ana mgeni. Nasma alipoolewa akaletwa pale kutoka Umwe, bara kwenye mashamba, mtu wa kuogopa hata dimbwi, jambo la kwanza alilolisikia asubuhi ni sauti ya mama mkwe uani, "Ngoja niwahi, mgeni wangu asije akashinda njaa." Naye Biasha kutoka upande wa pili wa uzio, "Mgeni wako hashibi tu?" "Hashibi, mwanangu, ana tumbo la dunia nzima."

Alimchukua bibi harusi yule kwa mkono, akamfikisha mpaka kwenye rula. Akamwonyesha jinsi ya kusubiri viwimbi vitulie, usisome alama ya juu wala ya chini, usome ya katikati. "Unaona? Hayana haraka. Usiyaogope. Yanakwenda na yanarudi, kama watu." Nasma hakuyaogopa tena maji tangu siku ile, na mapenzi yake kwa mama mkwe yalianzia pale, miguu yao ikiwa ndani ya tope moja.

Ndiyo maana asubuhi hii aliuweka ungo chini, akaenda kugonga mlango uliofungwa.

"Mama. Wanakuita. Mwenyekiti ametuma mtu, watu wote wako barazani."

Kutoka ndani, "Mtoto kala?"

"Kala, mama."

Bi Mwanahalima akatoka. Kanga aliivuta mpaka kwenye nyusi, kama mtu aendaye kuzika. Nasma alimgeuzia mgongo ampokee Twalibu, kama walivyozoea, maana mtoto yule hakubebwa na mwingine bibi yake akiwapo. Bibi akarudisha mikono nyuma. "Bebana naye mwenyewe leo," akasema, akatangulia.

Kwenye baraza ya mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Seleman, watu walijaa mpaka chini ya makuti ya jirani. Mtaalamu aliyekuja hakuwa Abdulatifu, yule alikwishakwenda zake masomoni ng'ambo. Alikuwa binti mwembamba aitwaye Hafsa, ushungi kaufunga vizuri, mabuti yana tope. Alimwamkia Bi Mwanahalima shikamoo kwa kupiga goti kidogo, na watu waliotaraji polisi wakatazamana.

Hafsa akakunjua karatasi kubwa yenye rangi. Ilikuwa ramani ya pwani, kutoka kusini mpaka kaskazini, ilivyochorwa na ile kompyuta. Bahari yote ilipakwa rangi ya machungwa, ila mahali pamoja palikuwa na doa la buluu.

"Hili doa ni sisi," akasema.

"Alhamdulillahi," mtu mmoja akasema nyuma, "angalau tumeonekana," na watu wakacheka.

Hafsa naye alicheka, lakini si kwa muda mrefu. Akaeleza kwa upole, kama anayeeleza ugonjwa kwa jamaa za mgonjwa. Machungwa maana yake maji yamepanda kidogo. Buluu maana yake yameshuka. Tangu zile mvua za El Nino, namba za hapa zinasema bahari imeshuka ghafla, ikakaa kule chini, haikupanda tena. Wataalamu walidhani kwanza ni mchanga wa mto, halafu wakadhani nchi imeinuka. Yeye mwenyewe alikwenda kwenye mkutano wa wataalamu akasema nchi ya deltani imeinuka, na wakubwa zake wakamcheka. Sasa amekuja kuuliza wenye nchi.

"Basi lifuteni hilo doa, yaishe," akasema Biasha.

"Ingekuwa doa peke yake, dada, ningelifuta. Tatizo ile mashine haimjui mtu. Namba ya Mombasa na namba ya hapa, kwake zote ni sawa, inaziamini zote. Na mahali pasipo na rula inakisia kwa kutazama jirani. Kwa hiyo doa letu limevuta na wengine. Angalieni huku." Akaweka kidole. "Kilwa haina tatizo, lakini upande huu unaoelekea kwetu umepauka. Mafia hivyo hivyo. Watu wanaotumia ramani hii kupanga wapi wajenge ukuta wa kuzuia maji, au wapi walime, wataambiwa huku hakuna hatari. Na hatari ipo."

Nasma alimtazama mama mkwe. Bi Mwanahalima alikuwa haitazami ramani. Alikuwa anatazama mabuti yake mwenyewe, mabuti ya mpira ya buluu, na vidole vyake vilikuwa vinauvuta upindo wa kanga, unavutwa, unaachwa, unavutwa.

"Kumbukumbu zetu," Hafsa akaendelea, "zinasema rula ilifungwa kwenye nguzo ya saruji. Mimi nimetazama, rula iko kwenye mti, na nguzo siioni. Nguzo iko wapi, mama?"

Bi Mwanahalima alifungua kinywa. Kabla sauti haijatoka, Seleman akadaka. Alikuwa mtu wa huruma, na huruma yake ilikuwa na haraka.

"Ilichukuliwa na mafuriko, binti yangu. Nguzo na rula vyote vilikwenda na maji. Huyu mama aliiokota rula kwenye mikoko huko, akaisimamisha upya ili kazi yenu isilale. Siku yenyewe nani aikumbuke? Watu walikuwa juu ya mapaa. Mafuriko hayashitakiwi."

"Ni kweli hivyo, mama?"

Kichwa kilichofunikwa kanga kiliinama, kikainuka. Ndiyo.

Hafsa akaikunja ramani. "Basi hatuna la kufanya. Kama nguzo haipo na siku haijulikani, namba za kabla na za baada haziwezi kuunganishwa. Tutaziondoa zote, tangu ile ya kwanza. Mashine itaacha hapa patupu, itakisia kutoka Kilwa na Mafia." Akamgeukia Bi Mwanahalima. "Pole sana, mama. Najua ni kazi ya miaka. Si kosa lako. Boti yetu itaondoka maji yakijaa."

Watu wakatawanyika wamefurahi. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyeulizwa zaidi. Wanawake wawili watatu wakamshika mkono Bi Mwanahalima, "Pole Mama Rula, Mungu kakusitiri." Neno lile kakusitiri Nasma aliliona likimwingia mwilini kama mwiba. Alitembea nyuma yake njia nzima, na mama mkwe hakugeuka hata mara moja.

Nyumbani, Bi Mwanahalima aliketi jikoni penye giza, juu ya kibao cha mbuzi, ingawa hakuwa na nazi ya kukuna. Nasma akawasha moto ili awe na sababu ya kuwapo. Twalibu akashushwa chini, akaanza kutambaa kuelekea kwa bibi.

"Mtoe," akasema Bi Mwanahalima. "Asinishike."

"Mama, ni mtoto tu. Anakupenda."

"Ndiyo maana."

Nasma akamchukua, akampa titi. Moto ukashika. Kisha bila kuulizwa, na macho yake yakiwa kwenye mafiga, Bi Mwanahalima akaanza kusema.

"Nguzo ipo. Haikuchukuliwa na kitu. Imefukiwa na tope, pale pale, mpaka kichwani. Maji ya bamvua, yale yajaayo na kupwa sana, yakipwa kama sasa hivi, kichwa chake ukikanyaga unakisikia."

Mtoto alikuwa ananyonya.

"Mvua ile ilipokuja, njia yote ilifunikwa. Mtumbwi wetu Hemedy alikuwa anahamishia watu. Mimi nikaona, leo mgeni atalala njaa, na kesho atalala njaa. Nikaingia majini mpaka kifuani. Nikakata waya, nikaibeba ile rula kichwani, nikaja kuisimika huku juu penye ardhi ngumu ninapofika kwa mguu. Nikaona nimefanya kazi nzuri. Wewe wa bara hujui, lakini sisi hapa vigingi vya mashamba ya mpunga tunavisimika upya kila mafuriko. Mto ukila upande wako, unaita jirani, mnakubaliana, kigingi kinasogea, na hakuna anayesema umedanganya. Kigingi ni cha mtu na shamba lake. Mimi nikafikiri na rula ni hivyo hivyo. Nimeisogeza, lakini maji si yale yale? Bahari si ile ile?"

"Hukukosea kwa kusudi, mama."

"Subiri." Akasukuma ukuni motoni. "Maji ya mto yalipopungua nikaona. Bamvua kubwa ilikuja, na maji hayakufika alama zilizokuwa zikifika siku zote. Mimi ninajua hesabu, Nasma. Sikuhitaji mtu wa Dar aniambie. Nikasema moyoni, kesho nitairudisha. Nitawapelekea habari. Kabla sijafanya hivyo wakaja wale wataalamu na salamu kutoka mjini. Unakumbuka? Wewe ulikuwa na mimba ya huyu. Waliwakusanya watu pale pale barazani, wakasema katika pwani nzima ni mimi peke yangu ambaye sikuacha hata siku moja wakati wa mafuriko. Wakanipigia makofi. Wakanivisha haya mabuti mbele za watu." Akayatazama, kisha akayavua, moja, la pili, akayasukuma pembeni ya mtungi. "Ningesema vipi baada ya makofi? Kila asubuhi ninayavaa, ninashuka, ninaandika namba ninayojua si ya bahari. Na ninapita juu ya nguzo. Mguu wangu unaigusa."

Nje, Biasha alikuwa anamsimulia mtu habari za barazani, anaiga sauti ya Seleman, "Mafuriko hayashitakiwi!" na kicheko kikapasuka uzioni. Bi Mwanahalima akajikunja kama aliyepigwa.

Nasma alitaka kumwambia yameisha. Ilikuwa kweli, yameisha. Mama huyu kasitiriwa, jina lake safi, Hemedy akirudi kutoka Kibiti hatasikia lolote la kumwinamisha kichwa mbele ya wenzake. Nguzo ikae kwenye tope lake. Lakini alimwangalia usoni, uso uliomfundisha kusoma maji ya katikati, akaona kwamba si yeye wa kulisema hilo. Aibu ya kusemwa ina siku zake, watu huchoka. Hii nyingine ilikuwa imeshakaa ndani ya nyumba muda wote huu, inakula nao, na leo ilikuwa imempokonya mwanamke mjukuu wake.

"Yule binti alipopiga goti," akasema Bi Mwanahalima, "nilitaka ardhi inimeze. Kachekwa na wakubwa zake kwa ajili yangu. Halafu ananiambia mimi pole."

"Kama nguzo ipo," Nasma akauliza polepole, "na siku uliyoihamisha unaikumbuka?"

"Naikumbuka. Ilikuwa ile Ijumaa ambayo msikitini hawakusali, maji yameingia. Kila mtu hapa anaikumbuka."

"Basi wanaweza kupima kutoka pale ilipokuwa mpaka hapa ilipo?"

"Wanaweza. Hesabu nyepesi. Wakijua imepandishwa kiasi gani, wanaziongezea zote za tangu siku ile kiasi hicho. Hakuna itakayotupwa." Alisema hivyo upesi, kama mtu aliyeipiga hesabu ile mara nyingi peke yake. "Lakini itabidi niseme mbele ya Seleman kwamba kanisemea uongo na mimi nikaitikia. Mbele ya Biasha. Mbele ya wale walionipigia makofi. Nikishasema, mimi si Mama Rula tena. Ni yule mwanamke aliyeidanganya dunia."

Nasma akamtoa mtoto kwenye titi, akamfuta midomo. Machozi yalikuwa yanamtoka yeye, si mama mkwe. Akayafuta kwa upindo wa kanga, asionekane.

"Nikaseme mimi, mama? Wewe ubaki hapa. Mimi nitamwambia Hafsa taratibu, pembeni, watu wasisikie. Nitamwonyesha na pahala."

Bi Mwanahalima alinyanyua uso kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alimtazama mke wa mwanawe kwa muda, kwa huruma, kana kwamba mwenye kustahili kuhurumiwa ni Nasma, si yeye. Kupitia mlango wa jikoni mto ulionekana, tope limeachwa wazi linameta juani, na pembezoni maji yalikuwa yameanza kugeuka, taratibu, yanarudi.

Akasimama, miguu mitupu. Akaifunga kanga upya, safari hii mabegani, uso wazi, kichwani umebaki ushungi wake wa nyumbani.

"Nenda kamwite yule binti, aje na kamba zake za kupimia, kabla pale hapajafunikwa. Mwite na Seleman. Na hao walioko uzioni waje pia. Na wewe, Nasma mwanangu, nakuomba kitu kimoja. Usimame karibu nami, lakini nikikwama, nikashindwa kulitoa neno, usinimalizie."